Herufi Yenye Mkia

Shamba la mkonge nilikokuwa karani lilipouzwa, sisi tulioshika kalamu ndio tuliotangulia kutoka. Mwenye mali mpya alikuja na watu wake na kompyuta zake, akatuaga kwa heshima, na mimi nikaondoka na mashine ya taipu ambayo hakuna mtu aliyeitaka tena. Niliiweka katika chumba cha mbele cha nyumba niliyopanga karibu na stesheni ya Kilosa, nikaandika mlangoni kwa rangi ya bluu kwamba hapa tunapiga chapa barua na maombi ya kazi. Miaka ile ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara, kila mtu alikuwa ama anaomba kazi ama anafungua duka, kwa hiyo sikukosa wateja.

Kompyuta ilikuja baadaye. Mradi mmoja wa visima ulimaliza muda wake, ofisi ikafungwa, vitu vikapigwa mnada. Watu waligombania pikipiki na friji. Kompyuta ilibaki mwishoni pamoja na viti vilivyovunjika miguu, nikaichukua na printa yake. Nilipoiwasha nyumbani nilikuta ndani yake programu mbili za kuandikia. Ya kwanza ilikuwa ile iliyozoeleka maofisini, yenye safu za vitufe juu. Ya pili ilikuwa ukurasa mweupe mtupu wenye jina fupi nililodhani ni kosa la chapa. Bila shaka fundi wa mradi ndiye aliyeiacha humo. Niliizoea hii ya pili kwa sababu moja tu: kompyuta ilikuwa imechoka, na ile ya kwanza ilikawia kufunguka kiasi kwamba mteja aliweza kutoka kununua karanga stesheni, akarudi na kuikuta bado inajitayarisha. Hii nyeupe ilifunguka papo hapo. Ilikuwa ya kuandikia maneno matupu, bila mapambo, nami nilikuwa nauza maneno.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa siku alipoingia yule mwinjilisti.

Alikuwa mtu wa jamii ya wafugaji, mrefu, amevaa koti kuukuu juu ya shuka, na baiskeli yake aliiegemeza dirishani kwangu mpaka chumba kikaingia kiza. Nikamwamkia, maana alinizidi umri.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, dada. Ndiwe unayepiga chapa?"

"Ndiye mimi. Karibu."

Alitoa ndani ya koti karatasi alizozikunja katika plastiki. Akaniambia ametoka upande wa Kilangali, mbele ya mashamba ya mbegu ya serikali, kule mbugani yalipo maboma yao. Huko, chini ya bati la kanisa lisilo na kuta, alikuwa akifundisha wanawake kusoma. Hakuwa akiwafundisha kwa Kiswahili. Aliwafundisha kwa Kimaasai, lugha yao ya nyumbani, kwa sababu wengi wao Kiswahili walikijua cha sokoni tu, cha kuuza maziwa na kununua chumvi. Hakukuwa na kitabu cha kuwatosha. Basi alikuwa akiandika mwenyewe, kwa mkono, sentensi fupi fupi za mambo wanayoyajua, na alitaka zipigwe chapa ili kila mwanamke awe na karatasi yake.

Nilianza kuzipitia. Nikafika kwenye herufi moja nikasimama.

"Hii ni n?"

"Siyo n. Angalia mkia."

Kweli ilikuwa n, lakini mguu wake wa kulia uliteremka chini na kujikunja kwa ndani: ŋ.

"Sauti yake ni ile ya mwanzo wa ng'ombe," alisema. "Ile ya puani."

"Basi tuandike kama Kiswahili. N, g, na koma ya juu."

Alitikisa kichwa polepole. "Waliotufundisha sisi walituandikia hii moja. Wanawake wameizoea. Nikiwapa tatu mahali pa moja, na mojawapo inaning'inia juu kama nzi, watachanganyikiwa. Ndio kwanza wanaanza."

Zilikuwepo na nyingine, i na u zilizokatwa kwa kistari katikati, lakini hizo hazikuwa nyingi katika kazi yake. Ile yenye mkia ilikuwa kila mahali. Nikamwambia nitapiga n ya kawaida, nichape, kisha nichore mikia kwa kalamu. Akakubali. Nilifanya hivyo ukurasa baada ya ukurasa, shingo ikauma, na kazi ikaonekana nzuri machoni pangu.

Alirudi baada ya wiki kadhaa, na hakuwa na furaha.

"Wanauliza kwa nini huyu mkia wake umelala na huyu umesimama," alisema. Aliziita herufi "huyu", na nilimwelewa. Kule kwao mwanamke anamtambua mnyama wake kwa doa na kwa upindo wa pembe, katikati ya kundi la watu wengine. Ukimchorea herufi moja kwa mikia kumi tofauti, kwake hao ni wanyama kumi. Mama yake mwinjilisti mwenyewe, mwanafunzi mzee kuliko wote darasani, alikuwa amekunja karatasi yangu akaikalia.

Nilikuwa sijamjibu bado alipoingia mama yangu.

Mama alikuwa mkulima wa kijiji cha Zombo. Alikuwa amekuja mjini kwa ajili ya miguu yake, ambayo hospitali ilikuwa ikiitazama kila mwezi, na siku kama hizo alipumzika kwangu. Mwinjilisti aliinuka mara moja kwenye kiti.

"Shikamoo, mama."

Mama hakuitikia. Alimtazama, akatazama shuka, akapita kwenda chumba cha nyuma. Sijui kama msomaji wa mahali pengine anaelewa uzito wa jambo lile. Kwetu shikamoo haiachwi hewani. Hata mgomvi wako unamwitikia kwanza, ndipo mgombane. Mwinjilisti aliketi tena taratibu, akakunja karatasi zake.

Nilimfuata mama. Aliniambia kwa Kisagara, sauti chini, kwamba ng'ombe wa hao watu walilala katika mahindi yake msimu uliopita, mahindi yakiwa yamebeba, na sasa anamkuta mwanawe akiwaandikia. Nikamwambia huyu anatoka mbali na Zombo, hajawahi hata kufika huko. Akaniambia ng'ombe nao hawakubisha hodi kuuliza shamba la nani. Mahindi yalikuwa yameliwa kweli, nililiona shamba lile kwa macho yangu.

Mchana mmoja baada ya hapo, treni kutoka Dodoma ilichelewa, stesheni ikapoa, na mimi sikuwa na kazi. Nikafungua maelezo ya ile programu nyeupe, ambayo sikuwa nimewahi kuyasoma kwa sababu yalikuwa marefu na ya Kiingereza. Nilisoma na kamusi pajani. Karibu na mwisho nilikuta sehemu iliyonifanya niirudie tangu mwanzo, kwa hofu kwamba nimeielewa vibaya.

Mtengenezaji alikuwa anasema hivi, kwa kifupi: programu hii haina kila kitu, wala haikukusudiwa iwe na kila kitu. Ukikosa jambo unalolihitaji, unaweza kuliongeza wewe mwenyewe, kwa kiprogramu kidogo kinachojua jambo hilo moja tu. Siku hizi vijana wanaviita plagini. Lakini plagini haziwezi kuingia hivi hivi. Lazima kwanza ujenge kiunzi chake ndani ya programu, mahali zitakapojipanga na kutambuliwa kila inapofunguka. Kiunzi hicho kilikuwa kinatolewa bure. Kilikuwa kinapatikana kwenye intaneti.

Nilikaa na kamusi pajani nikitazama ule ukurasa. Mimi nilitoka katika shamba ambalo ukigusa bolti ya mtambo wa kusindika mkonge, bolti isiyokuhusu, unafukuzwa kazi. Kila chombo nilichowahi kukitumia kilikuja kimefungwa, na kazi yangu ilikuwa kukibonyeza kama nilivyoonyeshwa. Sasa kulikuwa na mtu, sijui wa nchi gani, aliyekaa akatengeneza kitu kizuri, kisha akaacha tundu kwa makusudi kwa ajili ya mambo ambayo yeye hayajui. Alikuwa hajasikia habari ya Kilosa. Hakujua kwamba kuna mama mzee mbugani amekalia karatasi. Na bado alikuwa amemwachia nafasi. Sioni haya kusema kwamba nilitazama nyuma kuona kama kuna mtu ananiangalia.

Kilosa wakati ule intaneti haikuwepo mahali nilipoweza kufika. Lakini nilikuwa na rafiki niliyesoma naye sekondari, mpokea wageni katika hoteli moja pale Mikumi, barabara kuu, na hoteli ilikuwa imeunganishwa kwa waya wa simu ili watalii watume barua pepe. Nilipanda pikapu ya mizigo nikaenda, nikiwa na disketi nimezifunga katika leso. Tulipita Zombo, nikamwona mama kwa mbali akipalilia, sikusimamisha gari.

Rafiki yangu alinipisha kwenye kiti chake cha mapokezi. "Haraka," alisema, "maana jikoni wakinyanyua simu, kila kitu kinakatika."

Na kweli jikoni walinyanyua simu. Faili lilikuwa limefika nusu wakati mpishi alipoagiza nyama Morogoro, likapotea lote. Tukaanza upya. Mara ya pili meneja alimpigia mtu. Rafiki yangu alitembea hadi jikoni, akarudi na simu yao mkononi, waya unaning'inia, akaikalia. Nyani walikuwa wakikimbia juu ya bati. Mgeni mmoja alikuja kuuliza kama simba wanaonekana asubuhi au jioni, akamjibu bila kuinuka. Mstari kwenye kioo ulisogea kidogo, ukasimama, ukasogea. Ulipojaa tuliangaliana kama watu walioiba kitu pamoja.

Kesho yake Kilosa nilianza kujenga.

Maelezo yalisema utengeneze folda ya jina fulani mahali fulani, uweke humo faili kuu la kiunzi, kisha uongeze mstari mmoja katika faili la mipangilio ili programu ijue pa kutazama. Niliyafuata neno kwa neno. Nikafunga programu, nikaifungua. Ukurasa ulikuwa mweupe kama jana. Kulitakiwa kuwe na neno jipya juu, menyu ya plagini, na hapakuwa na kitu. Nikarudia. Umeme ukakatika. Uliporudi nikarudia tena, nikakagua kila herufi ya ule mstari, nukta na mikwaju. Hakuna.

Hali hiyo ilichukua siku za kutosha kunikatisha tamaa. Mwinjilisti alipita siku moja sokoni na akaingia kuuliza. Nilimweleza kosa langu kadiri nilivyoweza: nimejenga chumba, nimemwelekeza mwenye nyumba kilipo, na bado anasema hakioni.

Akafikiri. "Umemwelekeza mlango, au umemwelekeza ua?"

Aliuliza kwa sababu ya nilivyosema mimi, wala hakujua lolote kuhusu kompyuta. Lakini swali lake lilinifanya nifungue ile folda na kutazama ndani kwa utulivu. Ndani yake kulikuwa na folda nyingine yenye jina lile lile. Nilipofungua faili kutoka kwenye disketi, lilikuwa limejitengenezea folda yake ndani ya yangu, na kiunzi chenyewe kilikuwa kimejificha hatua moja mbele ya pale programu ilipokuwa inatazama. Nikavitoa vilivyomo, nikavipandisha juu, nikaifuta ile tupu. Nikafungua programu.

Neno jipya lilikuwa pale juu, mwisho wa mstari. Dogo, jeusi.

"Ndiyo lile?" mwinjilisti aliuliza.

"Ndilo."

Alilitazama kwa adabu. Kwake lilikuwa neno moja la Kiingereza limeongezeka juu ya kioo. Nilibonyeza, likafunguka, na ndani yake kulikuwa na plagini moja ya mfano, iliyokuja na kiunzi: ukichagua maneno, inageuza herufi zote kuwa kubwa. Nikaandika jina la mtaa wetu, nikaibonyeza, likawa kubwa. Kazi ndogo kiasi hicho. Lakini jana programu ile haikuijua, na leo inaijua, na aliyeiingiza ni mimi.

Ile plagini ya mfano unaweza kuifungua uone imeandikwaje. Niliifungua nikatarajia mambo ya ajabu, nikakuta mistari michache: ukiona hiki, weka hiki. Nilinakili, nikabadilisha. Kila herufi duniani, nilijifunza katika yale maelezo, imepewa namba yake, hata zile zinazotumiwa na watu wachache, na mwenye mkia naye anayo. Nikaandika kwamba mtu akibonyeza n, g, na koma ya juu, programu iviondoe vyote vitatu na kuweka ile namba.

Nilijaribu. Vitatu vikatoweka, na mahali pake pakatokea kisanduku kitupu cha mraba.

Nilidhani nimekosea namba. Nikahakiki, namba ilikuwa sahihi. Nikabaki naona visanduku tu, mstari mzima wa visanduku, mpaka niliposoma zaidi na kuelewa. Herufi ilikuwepo. Kompyuta ilikuwa inaijua kabisa, inaibeba, inaihifadhi. Ila katika fonti zote zilizokuwa ndani ya mashine ile, hakuna hata moja iliyowahi kuichora, kwa hiyo haikuwa na sura ya kuonyesha. Ilinibidi nirudi Mikumi kutafuta fonti. Rafiki yangu aliponiona nashuka alikwenda moja kwa moja jikoni kuchukua simu.

Siku niliyoiweka ile fonti ilikuwa siku ya hospitali ya mama. Alikuwa ameketi nyuma yangu kwenye mkeka, amenyoosha miguu, anachambua mchele kwenye ungo. Mwinjilisti naye alikuwepo, kwa sababu nilikuwa nimemtumia ujumbe kwa muuza maziwa. Alikuwa amemwamkia mama alipoingia, na mama alikuwa ameendelea na mchele.

Nikafungua ukurasa wa zamani, ule wa visanduku, nikachagua fonti mpya.

Visanduku vikageuka vyote mara moja. Sura nzima ya ukurasa ikabadilika mbele yetu, na pale palipokuwa na mashimo wakasimama wenye mikia, safu baada ya safu, kila mkia sawa na mwenzake, umejikunja upande ule ule. Mwinjilisti alisogea mpaka pumzi yake ikaweka ukungu kwenye kioo. Akanyoosha kidole akasoma neno la kwanza, kwa sauti ya kanisani.

"Ŋoto."

Kisha nyuma yetu mama akauliza, "Maana yake nini?"

Mwinjilisti aligeuka. "Ni kusema 'mama wa', mama. Kwetu mwanamke akizaa tunamwita hivyo. Ŋoto, halafu jina la mtoto."

"Kama sisi tunavyosema mama fulani."

"Vile vile."

Mama aliweka ungo chini, akajivuta akasimama kwa kushika meza, akaja kutazama. Hakujua kusoma sana, lakini herufi alizijua. Aliitazama ile yenye mkia muda mrefu.

"Na hii mashine haikuwa nayo?"

"Haikuwa nayo," nilisema. "Tumeiongezea."

"Nani kakuruhusu?"

"Aliyeitengeneza. Ameacha nafasi."

Mama aliguna kwa namna yake, guno ambalo nilipokuwa mtoto lilimaanisha kwamba jambo limemgusa na hataki tulione. Mwinjilisti alikuwa bado amesimama, kofia mkononi. Akasema tena, taratibu, kama mtu asiyedai kitu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," mama alisema. Halafu akaongeza, "Lakini mahindi yangu nayakumbuka."

"Una haki, mama. Pole sana."

"Ahsante." Akarudi kwenye mchele wake.

Tulichapa siku nzima. Kesho yake asubuhi niligundua kwamba nilikuwa nimejisifu mapema mno, maana mtendaji wa kijiji kimoja alikuja kupigiwa tangazo la ng'ombe aliyepotea, nikampigia, akalichukua, akarudi mbio na uso umekunjamana. Tangazo lake la serikali, lenye nafasi ya mhuri, lilikuwa linasema ameonekana ŋombe mwekundu na anayemjua mwenye ŋombe huyo afike ofisini. Plagini yangu haikujua tofauti ya lugha. Kila palipokuwa na n, g na koma ilifanya kazi niliyoituma. Nilimwomba radhi mtendaji, nikatafuta katika maelezo, nikakuta kwamba kiunzi kinakuruhusu kuiwasha na kuizima plagini kwa kila ukurasa. Hata hilo mtu yule alikuwa amelifikiria. Nilianza kumwogopa kidogo, kwa wema.

Mwinjilisti alinialika darasani, nikaenda. Tulipanda trekta la shamba la mbegu mpaka lilipoishia, kisha tukatembea. Njiani alinifundisha kwamba mama yake atanisalimu kwa kusema takwenya, na mimi nijibu iko. Bati lile la kanisa lilionekana kutoka mbali sana kwa sababu hapakuwa na kitu kingine kirefu. Wanawake walikuwa wameshakaa, wengine na watoto wachanga, shanga zikilia kila walipogeuka.

"Takwenya," mama yake aliniambia.

"Iko."

Wakacheka, nadhani kwa matamshi yangu, na nikapewa mahali pa kukaa.

Karatasi ziligawiwa. Mama yule mzee aliipokea yake akaishika karibu sana na macho, kisha mbali, kisha akaiweka juu ya goti. Alianza kutafuta. Aliweka kidole juu ya mwenye mkia wa kwanza, akahamia wa pili, wa tatu, akiwalinganisha. Alikuwa anakagua kazi yangu, na mimi nilijibana pale chini kama mwanafunzi anayesubiri matokeo. Alifika mwisho wa ukurasa akasema neno kwa mwanawe.

"Anasema ni mmoja," mwinjilisti alinitafsiria. "Kila mahali ni yule yule."

Kisha akasoma. Alisoma polepole, sauti kavu, akisimama kati ya neno na neno. Karatasi haikusema jambo kubwa: mama wa fulani anakamua, ndama analia, mvua iko mlimani. Lakini wengine walinyamaza, na alipomaliza hakuna aliyepiga makofi wala kigelegele. Mwanamke wa pembeni yake alivuta karatasi akatazama pale kidole kilipokuwa, kama kwamba mvua ile ilikuwa imeingia humo kwa njia anayoweza kuiona. Nilikuwa nimepiga chapa maelfu ya barua maishani mwangu na sikuwahi kumwona mtu akikutana na neno lake mwenyewe kwa mara ya kwanza. Niliinamisha kichwa. Wao walidhani nimechoka na safari, wakaniletea maziwa.

Darasa lile liliendelea miaka kadhaa, mpaka mwinjilisti alipohamishiwa kwingine na kumwachia mmoja wa wale wanawake. Mimi niliongeza plagini nyingine, ya zile i na u zenye kistari, kisha nyingine na nyingine, za mambo ya ofisi tu. Mama aliendelea kulima Zombo. Ng'ombe waliingia tena shambani mwaka mwingine, akakasirika tena, ila alikwenda mwenyewe kwenye boma la jirani kuzungumza nao, akaitikia salamu zao zote kwanza.

Kabla mwinjilisti hajahama, nilifanya jambo moja ambalo sikulitarajia lizae kitu. Nilikwenda Mikumi na plagini yangu katika disketi, na kutoka kwenye kiti cha mapokezi nikaituma kwa ile anwani iliyokuwa mwisho wa maelezo, kwa Kiingereza cha kuungaunga, nikieleza ni ya nini. Niliona ni adabu tu. Mtu akikuachia nafasi, unampelekea habari umeitumiaje.

Baada ya muda mrefu rafiki yangu alinipigia simu kwamba kuna barua pepe. Nikaenda. Haikutoka kwa mtengenezaji. Plagini yangu ilikuwa imewekwa mahali wanapoziweka za watu wote, na mtu mmoja wa Afrika Magharibi, mwalimu, alikuwa ameikuta. Lugha yao nayo inamtumia mwenye mkia. Alikuwa amebadilisha mistari yangu kidogo ili ifae kibodi yake, na sasa shule yao inachapa kwa hiyo. Alikuwa anashukuru. Aliuliza watu wangu ni kina nani.

Nilisoma nikasimama, nikakaa tena. Rafiki yangu aliuliza kama kuna msiba.

Niliichapa ile barua nikampelekea mwinjilisti, nikamtafsiria. Alinitaka nimsomee mara ya pili. Akatazama upande wa machweo, huko nilikomwambia nchi ile iliko, ng'ambo ya nchi nyingi. Kisha akasema tumjibu, na akanipa maneno. Mwambie tumefurahi. Mwambie mvua mwaka huu imekuja vizuri. Muulize ng'ombe wao wanaendeleaje.

Niliandika hivyo hivyo. Jibu lilikuja: mvua kwao ni nyingi, watu wote hawajambo, ila kijiji chao hakifugi ng'ombe, wao ni wavuvi.

Nilipomweleza mwinjilisti, alisikitika kwa dhati.

"Hawana hata mmoja?" aliuliza.

"Hata mmoja."

Akafikiri. "Na bado wana herufi ya kuwaita ng'ombe," alisema.